Mwezi mmoja na Toni Kroos kwenye huduma ya mechi kamili: nyota tatu na nusu

Nililipia mwezi mmoja wa hii huduma ya kutazama mechi za zamani kwa ajili ya mtu mmoja tu, Toni Kroos, yule kiungo Mjerumani wa Bayern na baadaye Real Madrid. Nafundisha vijana wa chini ya miaka 15, na namba nane wangu, yaani kiungo wangu wa kati, ana ugonjwa: mpira ukimfikia lazima aukokote, akibanwa ndipo anakumbuka kuna wenzake. Nikamwambia amtazame Kroos. Akaenda akatafuta vipande vya dakika nne, kesho yake akaja: "Mwalimu, mbona huyu hafanyi kitu?" Nikaona hapa kosa si la mtoto, ni la vile vipande.

Jina la huduma silitaji, maana lawama zipo na wenyewe nimeshawaandikia.

Nianze na kilichonifanya nisijutie hela yangu. Kuna kitufe cha kamera ya juu, ile inayoonyesha karibu uwanja mzima badala ya kumfuata mwenye mpira. Nikafungua Bayern na Real Madrid, nusu fainali ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa, Munich, Aprili 30, 2024. Kroos ana miaka 34 hapo, yuko Real. Kwenye matangazo ya kawaida unachoona dakika ya 24 ni pasi inayopasua katikati, Vinícius anabaki na kipa Neuer, goli. Ukiwa juu unaona kilichotangulia. Vinícius anashuka kuja kuomba mpira miguuni, beki wa Bayern, Kim Min-jae, anamfuata, nyuma ya Kim panabaki uwazi. Kroos ananyoosha mkono kumwelekeza mwenzake: usije huku, nenda kule. Halafu pasi inapita chini chini, wala haina haraka. Nimekirudisha kipande hicho si chini ya mara tisa. Mara za mwisho sikumwangalia Kroos kabisa, nilimwangalia Kim tu, anavyogeuka akiwa ameshachelewa.

Hicho kitufe peke yake ni nyota mbili.

Sasa lawama. Kutafuta mechi ni shida, kwa sababu kila kitu kimepangwa kwa wafungaji. Ukiandika jina la Kroos unaletewa magoli yake, na kiungo wa namna hii ukimfuata kwa magoli umepotea. Ndiyo, wanakuletea ile 7-1 ya Ujerumani, Kombe la Dunia, Belo Horizonte, 2014, alipoifunga Brazil mara mbili ndani ya sekunde 69. Tamu sana, ila dakika zile Brazil ilishachanganyikiwa, hata namba nane wangu angepata nafasi.

Wanakuletea pia ule mpira wa adhabu dhidi ya Sweden, Sochi 2018, dakika ya tano ya nyongeza: anamgusia Reus, Reus anautuliza, Kroos anaupinda hadi kona ya mbali. Lakini fungua mechi nzima. Goli la Sweden, lile la Toivonen, lilianzia kwenye pasi mbovu ya huyo huyo Kroos. Kosa kama lile kwenye Kombe la Dunia lingemfanya kiungo mwingine ajifiche nyuma ya mabeki. Yeye aliendelea kuomba mpira, hata baada ya Boateng kutolewa kwa kadi nyekundu. Kipindi cha pili nilikitazama na vijana wote, tukihesabu kwa sauti kila anapougusa, tukapoteza hesabu. Hapo ndipo namba nane alinyamaza.

Kasoro iliyoniudhi kuliko zote ni Ufaransa na Ujerumani, Lyon, Machi 23, 2024. Kroos alikuwa amestaafu timu ya taifa mwaka 2021, kocha Nagelsmann akamrudisha kabla ya Euro ya nyumbani. Mpira unaanza, anapewa, anapiga mbele kwa Florian Wirtz, goli. Sekunde saba! Kwenye huduma hii mechi inaanza ubao ukiwa tayari unasoma 0-1, kwa sababu aliyekata video alikata utangulizi akapitiliza. Nililipia mechi kamili, nikapewa kamili kasoro goli.

Halafu kumbukumbu zao ni fupi. Huyu ni mtu wa Greifswald, aliyepitia Hansa Rostock, akaingia kikosi cha kwanza cha Bayern mwaka 2007 akiwa na miaka 17, akatokea benchi dhidi ya Energie Cottbus na kumtengenezea mshambuliaji Klose magoli mawili. Haipo. Msimu mmoja na nusu wa Leverkusen alipokwenda kwa mkopo, ambao mimi naona ndio uliomkomaza, haupo. Kwao Kroos amezaliwa Brazil 2014.

Picha ni safi, sauti ya uwanjani unaweza kuisikia bila mtangazaji (wazo zuri sana, hasa kwa sisi tuliochoka na kelele), ila kamera ya juu inakula bando vibaya na ukiirudisha nyuma inakwama sekunde kadhaa. Kwa simu ndogo usihangaike, wachezaji wanakuwa kama sisimizi.

Je, nitalipia tena? Kwa shabiki wa magoli, hapana, vipande vya bure vinakutosha. Kwa anayefundisha viungo, lipia mwezi mmoja, andika orodha ya mechi zako kabla hujalipa, tazama, kisha zima malipo ya kujirudia, maana kitufe chake wamekificha mbali.

Mimi nimebakiza siku sita. Fainali ya Ligi ya Mabingwa, Wembley 2024, nimeimaliza, ile kona yake kwenye kichwa cha Carvajal dakika ya 74. Iliyobaki ni ya Euro, Stuttgart, Julai 5, 2024, Hispania 2 Ujerumani 1, mechi yake ya mwisho. Namba nane ameomba tuitazame wote, ila kwa sharti: kamera ya juu, na nisiongee.