Uzoefu wangu: PC ya gemu ya kujijengea ukiwa Kigoma, anza na umeme ndio uje kwenye kadi

Wakuu habari za huko. Kompyuta yangu ya gemu imeshapita kiangazi na masika hapa Mwanga (Kigoma mjini), umeme umekatika na kurudi sijui mara ngapi na bado inapiga kazi vile vile, kwa hiyo naona sasa naweza kuisemea kifaa kwa kifaa. Naandika kwa ajili ya mtu wa Kigoma, Kasulu, Uvinza, hata Tabora huko, maana ushauri mwingi tunaosoma umeandikwa na mtu ambaye kifaa kikimfia leo anapanda bodaboda jioni anabadilishiwa. Sisi soko letu la uhakika la vifaa ni Kariakoo, na kutoka hapa stesheni mpaka Dar kwa reli ya kati ni zaidi ya kilomita 1,200. Hilo peke yake linabadilisha kabisa ununue nini na kwa mpangilio gani.

Watu wanaanzaga na kadi ya grafiksi (ndiyo inayochora picha za gemu), hela ikibaki ndio wanatafuta pawa saplai ya kubahatisha. Mimi nilianza na pawa saplai na leo ukiniuliza ningeanza na hiyo hiyo tena. Huu mji umeishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli kabla gridi haijafika, na hata sasa jioni watu wakiwasha pasi na majiko unaona kabisa taa inapauka, feni inazunguka kivivu. Sasa kifaa cha kwanza kukutana na huo umeme ndani ya kompyuta ni pawa saplai, ikiwa mbovu haifi peke yake, inaondoka na madabodi (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) na kadi.

Ngoja nielezee stika maana hapa ndipo watu wanapigwa. Keyisi (boksi la kompyuta) nyingi za bei rahisi zinakuja na pawa saplai yake ndani imeandikwa 500W kwa maandishi makubwaa. Usisome hayo. Geuza ubavuni kuna jedwali dogo, tafuta mstari wa +12V, ndio unaolisha prosesa (ubongo wa kompyuta) na kadi. Niliyoonyeshwa dukani ilikuwa +12V 18A. Zidisha, 12 mara 18 ni wati 216. Hiyo ndio nguvu yako ya kweli kwenye gemu, sio 500. Niliyonunua mimi ni ya 550W yenye alama ya 80 Plus Bronze (cheti cha kutopoteza umeme mwingi), stika yake inasema +12V 45A, yaani wati 540, hapo jina na mwili vinalingana. Alafu cheki mstari wa juu, AC input. Nyingine zimeandikwa 200-240V, nyingine 100-240V. Chukua ya 100-240V hata kama imezidi elfu thelathini, hamsini. Umeme ukishuka mpaka 170 ile ya 200-240V inaweza kuzima kompyuta au kuirestati katikati ya mechi, hii nyingine haina habari. Yangu nilipata kwa laki moja na themanini na katika hela zote nilizotoa hii ndio ninayoiona imelipa zaidi.

Juu yake nimeweka UPS (betri inayoshika umeme ukikatika) ya 650VA. Hizo VA sio wati jamani, ya ukubwa huu inatoa kama wati 360 hivi kulingana na kampuni. Kompyuta yangu nikicheza, kile kimita cha kuchomeka kwenye soketi kinasoma 200 na kitu, kwa hiyo inabeba na monita juu yake. Dakika inazonipa ni chache lakini zinatosha kusevu na kuzima kistaarabu, na zile chenga za sekunde mbili tatu ambazo zamani zingezima kila kitu sasa sizioni. Radi lakini ni habari nyingine. Radi za Kigoma wenyeji mnazijua, ikianza kunguruma upande wa ziwa chomoa waya ukutani na kebo ya intaneti chomoa vile vile, UPS sio kinga ya radi.

Tuje kwenye prosesa. Kwanza achaneni na neno i7, jina la prosesa za Intel za daraja la juu. Hapa mjini utauziwa desktopu ya ofisi iliyotumika, muuzaji anakwambia hii ni i7 kaka, hii ni mashine. Muulize jenaresheni ya ngapi. i7-2600 ni ya 2011, na i3-12100 ya 2022 inaiacha mbali sana kwenye gemu ingawa jina lake dogo, na ile ya 2011 hata Windows 11 rasmi haiitaki. Namba zinazofuata baada ya kistari ndizo zinazosema umri. Na hizo desktopu za ofisi nyingi pawa saplai zake ni za umbo lao wenyewe, plagi zake haziendani na za kawaida, ukitaka kuweka kadi kubwa unaanza kuhangaika na adapta.

Nilikuwa nachagua kati ya Ryzen 5 5600 ya AMD na i5-12400 ya Intel. Zote kori 6 thredi 12 (vichwa sita vya kufanya kazi, kazi 12 kwa pamoja), zote zimeandikwa 65W, kwenye gemu zinafuatana kwa karibu mno. Ryzen inakaa kwenye madabodi za AM4 (jina la soketi yake) ambazo ni za bei nzuri na zimejaa. Lakini nilichukua i5-12400, na nilisisitiza kwa binamu yangu aliyeko Dar kwamba isiwe na herufi F mwishoni. Hiyo F inamaanisha prosesa haina grafiksi ya ndani, na Ryzen 5 5600 nayo haina. Dar mtu anakwambia chukua F uokoe hela, na kwa Dar yuko sahihi kabisa. Kwa Kigoma fikiria hivi, kadi ikileta shida leo, unaifunga, unaituma kwa basi, inakaa kwa fundi, inarudi, muda wote huo kompyuta ya F ni boksi tu haiwashi hata picha. Ya kwangu nachomoa kadi, nachomeka HDMI kwenye madabodi, naendelea na kazi zangu, hata gemu nyepesi za zamani zinacheza. Mimi nina kazi za kuedit video za send-off na kipaimara, mteja hawezi kusubiri kadi itoke Dar, na hiyo grafiksi ya ndani pia inasaidia kutoa video haraka. Kwa tofauti ile ndogo ya bei sioni sababu ya mtu wa mkoani kuchukua F. Kama unaipenda AMD ipo 5600G yenye grafiksi ndani, ila kashe yake (memori ya ndani ya prosesa) ni MB 16 wakati 5600 ina 32, kwa hiyo ukiweka kadi juu yake fremu (picha kwa sekunde) zinapungua kidogo.

Madabodi ni B660 (jina la chipu yake) ya DDR4 (kizazi cha RAM), nafasi nne za RAM. Kuna za H610 rahisi zaidi, ila nafasi zake za RAM ni mbili na za SSD ya NVMe (diski ya kasi) ni chache. Sina zaidi la kusema hapo, ila kabla hujalipa hakikisha imeandikwa D4 au DDR4, maana B660 zipo za DDR5 na RAM haziingiliani kabisa.

RAM chukua mbili za GB 8, sio moja ya 16. Zikiwa mbili zinafanya kazi kwa njia mbili na tofauti unaiona kwenye gemu. Ziweke nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, alafu ingia BIOS (mipangilio ya madabodi kabla Windows haijawaka) uwashe XMP (inayoipa RAM kasi yake kamili), usipowasha RAM yako ya 3200 itakimbia 2666 au hata chini ya hapo na wewe ulishalipia 3200.

Sasa kadi. Bajeti yangu ilikuwa inaniruhusu RX 6600 ya AMD iliyotumika, na pembeni kulikuwa na RX 580 kwa chini ya nusu ya bei yake, inatamanisha kweli. Lakini RX 580 inakula wati 185, RX 6600 inakula 132 na inaishinda kwa mbali, kwa hiyo joto linapungua chumbani, luku inaenda taratibu, UPS haielemewi. Tena RX 580 nyingi sokoni zilichimba sana sarafu za kidijitali kama Ethereum huko zilikotoka, na kuna za 2048SP ambazo jina ni 580 ila ndani ni sawa na 570. Upande wa Nvidia kuna RTX 3050, hapo angalia sana maana ziko mbili kwa jina moja, ya GB 8 na ya GB 6, ya GB 6 imepunguzwa nguvu sio memori tu. Uzuri wa ile ya GB 6 ni kwamba inakula wati 70 na nyingi hazihitaji waya wa pawa, kwa mwenye desktopu ya ofisi inamfaa, ila kwa kujenga upya RX 6600 bado inaipita hata ile kubwa.

Kadi ya kutumika usinunue kwa picha. Tulifanya hivi, binamu akaenda pale dukani tukawashiana video WhatsApp, nikamwambia muuzaji naomba uichomeke kwenye kompyuta yako kaka, ufungue GPU-Z (programu inayoonyesha taarifa za kadi). Binamu akasogeza simu kwenye skrini mpaka nikasoma mwenyewe, 1792 kwenye shader (vitengo vya kuchora), GDDR6, 8192 MB, basi ya bit 128. Hizo ndizo namba za RX 6600, zikikataa moja acha. Hiyo programu kadi nyingi feki za Nvidia inaziandikia kabisa neno FAKE mbele ya jina. Baada ya hapo wakawasha FurMark (programu ya kuitesa kadi), nikasubiri joto lipande lisimame, feni zote mbili zinazunguka, hakuna madoa ya rangi kwenye skrini. Kisha nikamwambia aigeuze niangalie vichwa vya skrubu kama vimekwaruzwa, yaani kama imeshafunguliwa. Muuzaji alikuwa mvumilivu, namshukuru, na anayekataa kufanya hivyo hela yako irudishe mfukoni tu. Nililipa laki nne na themanini.

Usafiri: kadi isije imefungwa ndani ya keyisi. Barabara ni ndefu na kadi ni nzito, inaning'inia kwenye nafasi yake inaweza kuing'oa. Yangu ilikuja kwenye boksi lake, na kioo cha ubavuni cha keyisi kilitolewa kikaviringishwa blanketi peke yake. Vyote vilifika vizima.

Keyisi, chukua yenye wavu mbele, ya kioo mbele iache. Kiangazi vumbi jekundu la hapa linaingia popote, na keyisi ya kioo mbele haipumui. Nimeweka feni mbili zinaingiza mbele na moja inatoa nyuma, hewa inayoingia ikiwa nyingi vumbi halinyonywi kwenye vitundu vingine. Kwa ndani ya wavu nimebana kipande cha chandarua kilichokunjwa mara mbili, nakitoa nakiosha na sabuni, kikikauka nakirudisha. Nikicheza gemu nzito mchana wa joto kadi inakaa nyuzi sabini na kitu, prosesa chini ya hapo. Na vile vibati vya nyuma vya nafasi zisizotumika msivitupe, mjusi akiingia akakanyaga madabodi ni shoti hiyo. Taa za rangi nilizima, mvua za kwanza kumbikumbi wanafuata mwanga, ukiwa umefungua dirisha wanajaa kwenye feni.

SSD ni NVMe ya TB 1, na hapa nilibishana na watu wengi. Wanasema chukua ya GB 500 gemu ukimaliza unafuta. Unafuta ukitaka tena unashusha kwa bando gani? Gemu moja kubwa siku hizi inavuka GB 100. Kwa mtu wa mkoani nafasi ya kutunza ni sawa na bando uliloshalipia, usilifute. Na Steam ina sehemu ya kutoa nakala ya gemu uweke kwenye diski ya nje, mwenzako akiwa na akaunti yake iliyonunua gemu hiyo anaipakia kutoka hapo na kushusha vile vidogo vilivyobadilika tu. Sisi hapa diski moja inazunguka Mwanga, Gungu mpaka Ujiji.

Matokeo, kwa 1080p (ukubwa wa picha wa kawaida) GTA V naiweka juu na fremu zinavuka 100, eFootball yenyewe imefungiwa 60 hata ukiwa na kadi ya milioni, na za mpya nzito nikiweka kati na juu zinakaa 60 bila shida. Ray tracing (mwanga na vivuli vya uhalisia) usiiwashe, kadi hii haikuumbwa kwa hiyo. Monita nimechukua ya ofisi iliyotumika, inchi 24 ya 60Hz (inaonyesha picha 60 kwa sekunde), kwa hiyo fremu zinazozidi hapo bado sizioni, ndio maana hela inayofuata inaenda kwenye monita ya 144Hz yenye DisplayPort (plagi ya picha) na sio kwenye kadi nyingine.