Odii ya dukani Gulu: chakula kizuri, lebo yenye mushkeli

Odii inayouzwa na duka moja dogo karibu na soko kuu la Gulu, kaskazini mwa Uganda, ambayo ni rojo zito la karanga na simsim zilizokaangwa na kusagwa, ni chakula ninachoweza kumpendekezea yeyote anayetafuta mafuta na protini bila kwenda buchani, ingawa maandishi yaliyobandikwa kwenye kopo yanapaswa kusomwa kwa tahadhari.

Ladha haina dosari. Karanga zimeiva bila kuungua, na mafuta yaliyoelea juu, ambayo wateja wengine huyadhania kuwa dalili ya kuharibika, yanaonyesha tu kwamba hakuna kilichoongezwa ili kuyazuia yasijitenge. Ukiungia malakwang, mboga ya majani yenye uchachu, ukali wa majani hupungua bila kupotea.

Kwa upande wa lishe, kuchanganya mbegu hizi mbili ni busara ya zamani. Takriban nusu ya uzito wa simsim ni mafuta, na karibu asilimia 18 ni protini. Karanga zina protini nyingi zaidi, karibu asilimia 25, lakini zina upungufu wa methionini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, ambayo simsim inayo kwa wingi. Lisini, asidi amino nyingine, ndiyo inayobaki kuwa haba, nayo hupatikana kwenye maharage na kunde.

Mushkeli uko kwenye kalsiamu. Lebo inajigamba kuwa odii hii ina kalsiamu tele, na ni kweli kwamba gramu 100 za simsim yenye maganda zina zaidi ya miligramu 900; lakini mama muuzaji mwenyewe alinieleza kuwa simsim yake hukobolewa ili odii iwe laini, ilhali sehemu kubwa ya kalsiamu imo kwenye ganda. Hata isipokobolewa, oksaleti, kemikali ya asili iliyomo kwenye ganda hilohilo, huishika kalsiamu, mwili usiweze kuifyonza yote.

Kuhusu sumukuvu, yaani aflatoksini, ambayo huweza kusababisha saratani ya ini, alisema karanga huchambuliwa kwa mkono na zile zilizosinyaa au kuota ukungu hutupwa. Hilo ni jema, kwa kuwa kukaanga hakuiondoi sumu hiyo yote. Hata hivyo, kopo halitaji kipimo chochote cha maabara, na kwa bei yake, inayozidi ile ya odii ya kupimiwa sokoni, lingepaswa kukitaja.

Anayeagiza mapema husagiwa simsim isiyokobolewa. Odii hiyo ina rangi nzito na uchungu kidogo, nami ndiyo nitakayoinunua tena.