TAHADHARI: Suruali za porini "zisizochanika" zinazouzwa Dodoma, miraba yake imechapwa tu

Ndugu zangu wa Dodoma mjini, Bahi, Chemba, Kondoa, Manyoni na kokote mnakoingia porini kwa kazi, naomba msome hadi mwisho kabla hamjatuma hela kwa mtu anayeuza suruali za porini kwa simu. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wafugaji nyuki upande wa milima ya Chenene. Mwezi wa tano nilitoa shilingi 384,000 za kikundi, nikanunua suruali 8 kwa ajili ya vijana wetu wanaopanda kurina. Hela inauma, lakini si hela iliyonifanya niandike. Kijana wetu mmoja suruali ilimpasukia akiwa juu ya mti, mbele ya mzinga uliofunguliwa.

Nianze na jinsi tulivyopatikana, maana huyu mtu anajua kazi yake.

Picha zake nilizikuta mtandaoni: kijana amesimama juu ya jiwe kubwa, suruali ina mifuko pembeni, magotini imeongezwa kitambaa. Bei shilingi 48,000 kila moja. Sikutuma hela. Nilimwambia nataka kuiona kwa macho, akakubali bila shida, tukakutana mjini karibu na Soko la Majengo. Alikuja na suruali moja. Akaitoboa kwa msumari mbele yangu, akaivuta pale kwenye tundu kwa nguvu zote, tundu halikuendelea. Akamwagia maji ya chupa, yakateremka kama juu ya jani la mgomba. Akaniambia, "Mama yangu, hii ni ya misimu yote. Jua, baridi, mvua, vijana hawatahitaji nyingine." Niliishika mwenyewe. Ilikuwa suruali nzuri kweli, na mtego wote ulikuwa hapo, kwa sababu ile sampuli haikuwa ndiyo mzigo.

Nikalipa nusu, shilingi 192,000. Baada ya siku nne akasema mzigo umefika kwa wakala wa basi. Nilipokwenda, wakala akasema hawezi kunipa kiroba mpaka mwenye mzigo ampigie. Nikampigia muuzaji, naye akasema nimalizie kwanza ndipo aruhusu. Niliomba nifungue nione, akasema mzigo umefungwa kiwandani, ukifunguliwa ni wako. Nyuki hawasubiri, mavuno yalikuwa yamefika, vijana walikuwa wananingoja. Nikamalizia. Ukifika hatua hii na mtu yeyote, simama hapo hapo. Asiyekubali ufungue mzigo kabla ya kumaliza kulipa ana sababu yake.

Ndani ya kiroba mlikuwa na suruali 6 nyeusi na 2 zenye mabaka ya kijeshi. Nilikuwa nimeagiza kaki zote 8. Zile mbili hatukuzivaa hata dakika moja, tulizikabidhi kwa mtendaji wa kijiji. Sheria yetu inakataza raia kuvaa sare za jeshi au nguo zinazofanana nazo, na mwaka 2023 JWTZ lilitangaza hadharani kwamba walio nazo wazisalimishe. Muuzaji anayekuletea mabaka anakuuzia kesi. Yeye atakuwa amezima simu, wewe ndiye utakayekutwa nazo barabarani.

Nyeusi nazo ni tatizo kwa watu wa kazi yetu. Nyuki huchokozwa zaidi na nguo za rangi nzito kuliko nyeupe au kaki. Na wanaokwenda mapori ya akiba ya Swagaswaga, Muhesi, Kizigo au Rungwa wanajua habari ya ndorobo, yaani mbung'o: bluu na nyeusi ndizo rangi zinazowavuta, ndiyo maana mitego ya ndorobo hutengenezwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Nilipompigia kulalamika alinijibu kwamba nyeusi haionyeshi uchafu.

Mwezi wa sita tukaenda kurina. Nitasema ukweli wangu, niliona tayari kwamba kitambaa ni chepesi, lakini hela ilikuwa imekwisha na nikawaacha vijana wavae. Jua lilikuwa limeshazama. Kijana alikuwa juu ya mgunga, mguu mmoja kwenye tawi, mwingine anautafutia pa kukanyaga, na mshono wa katikati ya miguu ukaachia wote kwa mara moja, kuanzia chini ya zipu hadi nyuma. Nyuki wakaingia. Hawezi kuruka, hawezi kujipiga, ana bomba la moshi mkono mmoja. Alishuka kwa kujishika tu. Tulimkwangua miiba 23 mapajani na kiunoni, tukamkimbiza zahanati kwa pikipiki. Amepona, namshukuru Mungu. Mama yake alinitazama tu, hakusema neno.

Kesho yake nilichukua moja ya zile suruali hadi kwa fundi cherehani Majengo. Alichonionyesha ndicho ninachotaka mkijue.

Kitambaa cha kweli kisichochanika kwa urahisi kina miraba midogo midogo iliyofumwa. Kila baada ya milimita chache nyuzi nene zimepitishwa kwa urefu na kwa upana katikati ya nyuzi nyembamba. Mwiba ukikitoboa, mpasuko unakwenda hadi kwenye uzi mnene na kuishia hapo. Ndiyo maana sampuli ilivumilia msumari. Kwenye zile tulizoletewa, miraba imechapwa kwa rangi juu ya kitambaa laini kama cha bitana. Kwa macho ni ileile. Geuza suruali nje ndani: miraba ya kufumwa utaiona upande wa pili pia, na ukipitisha ukucha taratibu utausikia unagota kwenye kila mstari. Ya kuchapwa, upande wa ndani ni mtupu na ukucha unateleza. Ni jambo la nusu dakika, na ningelijua siku ile pale wakala wa basi, nikashikilia kufungua hata moja tu, nisingelipa.

Yale maji kuteremka nayo msiyaamini sana, hata kwenye suruali nzuri. Mara nyingi ni dawa iliyopakwa juu ya kitambaa, na inapungua kadiri unavyofua. Zetu tulizifua mara moja, maji yakaingia kama kwenye kanga.

Fundi akanionyesha pia mishono. Suruali ya kazi, mshono wa katikati ya miguu hukunjwa na kupigwa mistari miwili, kama wa jinzi. Zetu zilipigwa mstari mmoja na ovaloki, basi. Za kupanda miti au majabali, bora zaidi zile zenye kiraka cha umbo la almasi kilichoshonewa hapo katikati, kwa sababu mishono minne haikutani tena mahali pamoja na mguu unapanuka bila kuvuta. Akaunguza uzi kwa kiberiti, ukawaka na kuacha majivu kama karatasi: uzi wa pamba, mwepesi, unaooza kwa jasho. Uzi wa poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu, na huo ndio wa kushonea nguo ya shuruba.

Nyumbani nikaipima kwenye mizani yetu ya asali: gramu 280. Kadeti ya zamani ya mume wangu ilikuja gramu 610. Tangu hapo nikienda kununua naenda na ile mizani ndogo ya kuning'iniza. Wauzaji wananishangaa, lakini wananiacha nipime.

Sasa hili neno "misimu yote". Atakayekuambia hivyo Dodoma hii, muulize amewahi kutembea wapi. Mwezi wa nane hadi wa kumi na moja ni upepo, jua na miiba mikavu. Kikwata ana miiba iliyopinda kama ndoano, ukijinasua kwa kuvuta mbele anakuchana, na ndiye mti ambao nyuki wanaupenda, kwa hiyo sisi hatuna pa kumkwepa. Hapo unahitaji kadeti nzito ya pamba, pana kidogo ili hewa ipite, iliyoongezewa kitambaa magotini. Pamba ina faida nyingine kwetu tunaoshika moshi: cheche ikiangukia nailoni au poliesta tupu, kitambaa kinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Zile nyeusi zilikuwa na matundu ya cheche kabla hatujafika hata mzinga wa tatu.

Mvua zikianza, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, kadeti hiyohiyo inakutesa. Ikilowa umande wa nyasi inakuwa nzito, inasugua mapaja, na jioni bado haijakauka. Kwa wakati huo mchanganyiko unafaa zaidi, ule wa lebo iliyoandikwa poliesta 65 na pamba 35 kwa mia. Miguu yake iwe myembamba chini, uweze kuiingiza ndani ya soksi, kwa sababu ndio msimu wa kupe, na mbigili haing'ang'anii sana kitambaa kilichobana kufumwa. Juni na Julai asubuhi ni baridi, lakini huhitaji kununua suruali nene ya peke yake. Vaa taiti ndani ya ile ya kila siku, jua likipanda unaivua.

Kwa kweli vijana wetu sasa wanavaa mitumba. Tulikwenda soko la Sabasaba mapema belo likifunguliwa, tukachagua kadeti za kaki, kila moja tukaiinua kwenye mwanga kutazama makalio na mapaja, maana huko ndiko kitambaa kinakoisha kwanza hata kama mbele kinang'aa. Fundi akaongeza viraka na kurudia mshono wa katikati kwa uzi wa poliesta. Jumla haikufika nusu ya bei ya zile nyeusi.

Kuhusu kudai haki: muuzaji aliniambia "mali ikishauzwa hairudishwi." Msikubali kirahisi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inatambua mauzo ya kwa sampuli, na mzigo unatakiwa ulingane na sampuli uliyoonyeshwa. Tume ya Ushindani nayo inapokea malalamiko ya wanunuzi waliodanganywa. Udhaifu wangu ulikuwa ushahidi. Sampuli sikuipiga picha, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, sikuipata, makubaliano yetu mengi yalikuwa ya mdomo. Nilichonacho ni ujumbe wa malipo na lebo ya kiroba, na hivyo nimevipeleka. Ninyi mkionyeshwa sampuli, ipigeni picha mkiwa na muuzaji hapo hapo, nje na ndani, na kama anakubali kateni kipande kidogo cha pindo mbaki nacho.

Jina lake silitaji hapa kwa kuwa lalamiko liko mezani, na pia jina halitawasaidia: tangu mwezi wa saba akaunti imebadilishwa jina mara mbili. Picha hajabadilisha. Ni yule yule kijana juu ya jiwe, mkono kiunoni, na maneno "haichaniki, misimu yote". Anawatafuta zaidi watu wa vikundi: waongoza wageni wa michoro ya miambani ya Kolo, wapima ardhi, wafugaji nyuki, walinzi wa misitu ya vijiji, kwa sababu anajua mnanunua nyingi kwa pamoja na hela si ya mtu mmoja. Wiki iliyopita kikundi cha Kondoa kilikuwa kimeshapewa namba ya kutuma nusu ya kwanza, wakanipigia usiku kuniuliza kama ni mtu mzuri.

Kipande cha ile suruali ninacho kwenye mkoba. Jumamosi nyingi nakuwa Majengo kuuza asali, njooni mkipitishe ukucha wenyewe.