F-47 na F/A-XX: ndege mbili, mfuko mmoja

Katika maombi ya bajeti ya 2026, Pentagon, yaani Wizara ya Ulinzi ya Marekani, iliomba karibu dola bilioni 3.5 kwa F-47, ndege mpya ya kivita ya Jeshi la Anga, na milioni 74 tu kwa F/A-XX, ndege mpya ya kivita ya Jeshi la Wanamaji. Hoja yao: viwanda vya Marekani huenda visimudu kuunda ndege mbili za aina hiyo kwa wakati mmoja.

F-47, itakayorithi ndege ya kivita ya F-22, ilipewa kampuni ya Boeing iiunde, Machi 2025. Mkandarasi yupo, fedha zipo.

F/A-XX ndiyo inayonikosesha raha. Inatakiwa kurithi Super Hornet, ndege ambayo kila ikitua kwenye meli ya kubebea ndege hujibamiza sitahani, ndoano ya mkiani ikanasa waya, ikasimama ndani ya sekunde chache. Chuma huchoka, na chumvi ya bahari nayo huila. Zile milioni 74 zilikuwa za kumalizia usanifu.

Kwangu mimi kuichelewesha si kubana matumizi, maana Super Hornet zitaendelea kuruka, na ndege ikizeeka matengenezo hupanda bei. Kamati za Bunge la Marekani nazo hazikuridhika, zikataka iongezewe mamia ya mamilioni ya dola.