Mama kauliza: huyu mbona hapepesi macho?

Mwezi wa pili huu nacheza gemu jipya la mpira hapa Jang'ombe. Diski nimeipata mkononi kwa mtu, na nisiseme uongo, nilichokifuata ni sura za wachezaji. Zile picha za matangazo zilinimaliza.

Siku ya mwanzo mama katoka jikoni na kikombe chake cha chai, kasimama mlangoni: "Nani anaongoza?" Kadhani mechi ya kweli. Nikamwambia gemu hilo. Akamkazia macho kipa aliyevutwa karibu, akasema, "Ndo maana. Huyu mbona hapepesi macho?" Tokea hapo sioni chengine.

Ngozi sina neno nayo. Mastaa hukalishwa katikati ya kamera tele zinazopiga kwa pamoja kila upande, kisha kompyuta huziunga picha ikatoa kichwa kizima, na kovu lake na chunusi zake. Jua likiwa nyuma ya mchezaji, sikio linapenya mwanga likawa jekundu, kama la mtoto aliyesimama dirishani alasiri. Hapo wamepatia, wallahi.

Kasheshe ni furaha. Mtu kafunga dakika ya 90, mashavu yamepanda, meno yote nje, macho yamelala kama ya changu wa jana. Anayecheka kwa kweli hukunja ngozi pembeni mwa macho. Huyu kachekeshwa mdomo tu.

Timu ndogo ndo usiseme. Wachezaji wake hawakupigwa picha, basi wanagaiwa sura za akiba. Mechi moja nilihesabu wanne wa baba mmoja, na refa kama ami yao.

Mdogo wangu yeye kajaribu gemu la kikapu, lile la kujipiga uso kwa simu ukaingia mwenyewe uwanjani. Chini ya taa ya ukumbini tulirudia mara tatu: shavu moja jeupe, jengine jeusi, nyusi imehamia kwenye paji. Asubuhi tukatoka uani, kivulini, kofia kavua, kichwa anakigeuza polepole. Akafanana. Kwa hiyo msihangaike na taa, ngojeni mchana.

Wa kununua? Kama unatumia kamera ya juu kama mie, wachezaji wote ni saizi ya ukucha; uso utauona kwenye penalti na marudio. Toleo la mwaka jana linakutosha, tena rahisi.

Mama akipita siku hizi haulizi matokeo.

"Kapepesa?"

"Bado, mama."