Usijifungie na kiyoyozi: safari zetu za siku moja kuzunguka Tucson

Kiangazi chetu cha kwanza Tucson, mji wa jangwani huku Arizona, Marekani, tulikipitisha mapazia yamefungwa. Tulifika Juni 2022 tukitokea kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kule Kigoma, Tanzania, na tulipotoka nje ya uwanja wa ndege joto lilitupiga usoni kama mtu aliyeinamia jiko la mkaa. Mama yangu akasema hapa watu wanaishi ndani tu. Tukamwamini. Miezi mitatu watoto wangu watatu walicheza sebuleni, kiyoyozi kikiunguruma, na bili ya umeme ikipanda.

Ninaandika haya kwa ajili ya familia zinazofika sasa, kwa sababu tungeweza kutoka tangu wiki ya kwanza. Hakuna aliyetuambia kwamba katika jangwa hili swali si "twende wapi" peke yake. La kwanza ni saa ngapi, la pili ni mita ngapi juu ya bahari. Mji wenyewe uko kwenye mita 730 hivi. Mlima unaouona kaskazini kila asubuhi unafika karibu mita 2,800. Kati ya namba hizo mbili kuna hali ya hewa ya kila namna, na barabara ya lami inapanda mpaka juu.

Nianze na saa, maana hapo ndipo tulipoumia. Mwaka uliofuata tulilipia matembezi ya kuongozwa, na kampuni ile, ambayo sitaitaja, ilitupangia kuanza saa nne asubuhi, katikati ya Juni. Kufikia saa tano mwanangu wa mwisho alikuwa ameacha kutoka jasho na hataki kusema. Tulimkalisha ndani ya gari, tukamlowesha kichwa na shingo kwa maji, tukampa ya kunywa kidogo kidogo mpaka akapata nguvu. Tangu siku ile sheria ya nyumbani kwetu ni moja: kuanzia Mei hadi Septemba, huku chini, ifikapo saa mbili na nusu asubuhi tuwe tumesharudi kwenye gari. Mji huu uliwahi kufika nyuzi 47 za Selsiasi, Juni 1990. Hewa ni kavu mno, jasho linakauka kabla hujaliona, kwa hiyo usingoje kiu. Sisi hubeba lita moja kwa kila mtu kwa kila saa ya kutembea, na maji yakibaki nusu tunageuza, hata kama kilele kinaonekana.

Kwa mgeni asiye na gari na asiye na pesa, pa kuanzia ni kilima cha Tumamoc, magharibi ya katikati ya mji. Hakuna kiingilio. Lango linafunguliwa saa kumi alfajiri na kufungwa saa nne usiku. Njia ni ya lami, magari ya wageni hayaruhusiwi, na mpaka juu ni kama kilomita mbili na nusu. Nusu ya kwanza ni ya kuzungumza, nusu ya pili ni ya kunyamaza, kwa sababu mteremko unakaza. Njiani utaona majengo ya mawe ya maabara ya jangwa iliyoanzishwa mwaka 1903. Wanasayansi bado wanachunguza mimea kwenye kilima hicho, ndiyo maana unaombwa usitoke kwenye lami. Mimi ninafanya kazi ya kufua mashuka ya hoteli, zamu ya usiku. Nikitoka kazini ninapanda Tumamoc kabla ya kulala. Watu wanasalimiana pale. Wazee, askari, wanafunzi, akina mama wenye watoto mgongoni. Kwa miezi yangu ya kwanza, salamu za kilima kile ndizo zilizokuwa Kiingereza changu kikubwa.

Ukishapata gari, au rafiki mwenye gari, nenda Hifadhi ya Taifa ya Saguaro. Kiingilio ni dola 25 kwa gari zima na tiketi inatumika siku saba, kwa hiyo mnaweza kujaza gari na kurudi mara ya pili wiki hiyo hiyo. Na hili wazazi wengi wageni hawalijui: mtoto aliye darasa la nne katika shule za hapa anaweza kupata pasi ya kuingia bure hifadhi za taifa pamoja na wote walio naye garini. Inachukuliwa mtandaoni; sisi wakati wetu ilibidi tuichapishe kwenye karatasi. Mwanangu wa kati alituingiza mwaka mzima. Alikuwa anaitoa mwenyewe dirishani, na hakuna aliyeruhusiwa kuishika.

Hifadhi imegawanyika pande mbili na mji uko katikati. Mashariki kuna barabara ya lami ya kuzunguka, kama kilomita 13, nzuri kwa wazee wasiotaka kushuka. Lakini mimi napenda magharibi. Barabara ya pale ni ya vumbi kwa sehemu kubwa, inaenda polepole, na saguaro, dungusi kakati warefu wa jangwa hili, wamesimama wengi kama watu mkutanoni. Mmea huu si mti kama tunavyoujua. Ni mnene, una mikunjo kama akodiani, na mvua ikinyesha mikunjo inafunguka kwa maji uliyonywa. Miaka yake ya kwanza minane unakua sentimita chache tu. Mkono wa kwanza unaweza kutokea baada ya miaka 50, 75, hata zaidi. Wenye mikono mingi wana umri wa kumzidi bibi wa bibi yako. Kigogota hutoboa shimo kwenye shina, akahama, na bundi mdogo sana akapanga humo. Mwisho wa Aprili mpaka Juni kichwa chote kinavaa maua meupe, na baadaye matunda mekundu ambayo Watohono O'odham, wenye ardhi hii tangu zamani, huyaangua kwa upondo mrefu. Usiyaguse wewe, wala usikate mmea. Ni kosa la kisheria.

Upande huo huo kuna kijilima kinachoitwa Signal Hill. Unatembea dakika chache tu, unapanda ngazi za mawe, na juu unakuta miamba iliyochongwa michoro na watu wa kale wanaoitwa Wahohokam: wanyama, watu, na mzunguko mmoja mkubwa kama konokono. Kifungua mimba wangu alikaa mbele ya ule mzunguko muda mrefu. Nenda jua linapokaribia kuzama, michoro inaonekana vizuri zaidi mwanga ukiwa wa pembeni.

Sasa onyo. Kuna mmea mfupi unaitwa cholla, una manyoya ya rangi ya dhahabu, na mtoto anauona kama mwanasesere. Yale si manyoya. Vipande vyake vinanasa kwenye nguo ukipita tu karibu, na kila mwiba una ndoano ndogo. Mke wangu aliunasa mguuni, nikautoa kwa mkono, ukahamia mkononi kwangu. Mzee mmoja aliyekuwa anapita akatoa chanuo mfukoni, akalipitisha kati ya ngozi na kipande, akakifyatua mbali mara moja. Tangu hapo chanuo la plastiki na kibano vinakaa kwenye mkoba wetu wa safari. Nyoka wenye njuga mkiani wapo pia. Tazama unapoweka mguu na mkono, ukisikia njuga simama, kisha rudi nyuma taratibu. Tumeonana na mmoja tu katika muda wote huu, na alikuwa anaondoka.

Korongo la Sabino ndilo lililombadilisha mama yangu. Kwa mama, kutembea ni kitu unachofanya ukikimbia au ukitafuta kuni na maji. Alitembea kutoka Fizi, kule Kongo, mpaka Ziwa Tanganyika akiwa na mimi mgongoni, mwaka 1996. Nilipomwambia kuna watu wanatembea ili watembee, aliuliza, "Wanakwenda wapi?" Sikuwa na jibu, na sikutaka kumlazimisha. Pale Sabino magari binafsi hayaingii ndani; kuna magari ya wazi ya umeme yanayopanda korongo karibu kilomita sita, yakisimama vituo tisa, na unaweza kushuka popote na kupanda lijalo. Ada ya kuegesha ni tofauti na tiketi ya gari hilo, panga zote mbili. Ilikuwa Machi. Theluji ya milimani ilikuwa inayeyuka na maji yanapita juu ya vidaraja vya mawe. Mama alishuka kituo cha tatu, akavua viatu, akaketi kwenye jiwe, miguu majini. Alitaka kushuka mwenyewe mpaka chini, kwa miguu. Tulimsindikiza, tukachukua saa mbili, na hakuuliza tunakwenda wapi.

Mei na Juni usimpeleke mtu kwa ajili ya maji. Kijito kinaweza kuwa mchanga mtupu. Na kuanzia katikati ya Juni mpaka mwisho wa Septemba ni msimu wa ngurumo. Mvua inaweza kunyesha mlimani huku kwenu jua linawaka, halafu mto uliokuwa mkavu ukashuka na magogo. Barabara ikiwekewa kizuizi kwa sababu ya maji, usipite. Sheria ya Arizona inaruhusu aliyepita kizuizi na kukwama adaiwe gharama za kuokolewa. Lakini usijinyime harufu ya mvua ya kwanza. Kichaka cha kreosoti kinaitoa, na mji mzima unanukia.

Nimebakiza mlima, nao ndio ninaoupa alama zote. Mlima Lemmon: kutoka chini mpaka kijiji cha Summerhaven ni kama kilomita 43, saa moja na kidogo. Unaanza kwenye saguaro, unapita kwenye mialoni mifupi, unamaliza kwenye misonobari, na joto linashuka nyuzi 15 au zaidi. Julai tulivaa masweta. Jaza mafuta mjini, huko juu hakuna kituo. Simama Windy Point, ambako mawe yamesimama wima na mji wote uko chini ya miguu yako. Wakati wa baridi kuna theluji, na baada ya dhoruba barabara inaweza kufungwa, hivyo ulizia kwanza.

Tunasimama pia mahali ambapo wengi wanapapita: eneo la kupigia kambi la Gordon Hirabayashi, kipande cha chini cha mlima. Barabara hii ilijengwa na wafungwa, kuanzia 1933 mpaka 1950, na kambi yao ilikuwa pale. Hirabayashi alikuwa mwanafunzi, Mmarekani mwenye asili ya Kijapani, aliyekataa amri za wakati wa Vita Kuu ya Pili za kuwafungia ndani usiku na kuwahamisha watu wa asili yake. Alipohukumiwa, alijileta mwenyewe Tucson kwa kuomba lifti njiani, maana serikali haikumlipia safari. Hukumu zake zilifutwa kufikia 1987. Leo zimebaki kuta za mawe na misingi ya nyumba. Mwanangu mkubwa alisoma maelezo kwa sauti, mimi nikamtafsiria mama. Sisi tumeishi kambini, watoto wangu wawili walizaliwa humo. Tulikula chakula chetu pale, kwenye meza iliyo chini ya mialoni, na mama akafagia chini kwa tawi kabla hatujaondoka.

Jumba la wanyama na mimea ya jangwa, lililo karibu na hifadhi ya magharibi, ni zuri ila ni ghali kwa familia kubwa. Nenda kati ya Novemba na Machi, ndipo wanaporusha mwewe huru juu ya vichwa vya watu. Na ukiwa na baiskeli, njia ya lami inayofuata mito mikavu ya mji ina zaidi ya kilomita 200, bila magari, bila kiingilio.

Jumamosi hii tunapanda tena Tumamoc. Tunakutana chini, upande wa barabara ya Anklam, saa kumi na moja kasorobo alfajiri. Mama anakuja. Leteni maji, na kofia za watoto.