Programu ya miteremko: maporomoko inayaweza, mvua inakudanganya

Mwezi wa saba huu natumia programu hii, ile inayounganisha mwendo wa maji ardhini na hesabu ya uthabiti wa mteremko. Upande wa maporomoko sina ugomvi nao. Unachora mteremko, unaukata vipande, unachagua njia ya kukokotoa uthabiti, ya Bishop ya 1955 au ya Morgenstern na Price ya 1965, jibu linatoka kabla hujameza mate. Siku ya kwanza niliitega kwa swali ninalolijua: mchanga usio na mshikamano, pembe ya msuguano nyuzi 30. Ukiwa mkavu husimama hadi nyuzi 30. Maji yakipita ndani yake sambamba na uso, ukizidi kama nyuzi 16 unaporomoka. Ikajibu sawasawa.

Mvua ndiyo iliyonitoa jasho.

Nilikuwa na udongo wa mfinyanzi na mchanga ambao, ukishalowa kabisa, hupitisha maji mita 0.000001 kwa sekunde. Nikaunyeshea milimita 36 kwa saa. Piga hesabu mwenyewe: ni mara kumi ya uwezo huo. Mwanzoni udongo mkavu hunywa kwa pupa, lakini ukishiba, maji mengi hayana budi kutiririka juu yakaenda zake. Programu haikuyaacha yaende. Iliyashindilia yote ndani, hadi usoni pa mteremko nikaona shinikizo la mita kumi na tano za maji, utadhani bwawa limesimamishwa ubavuni! Kigezo cha usalama, yaani nguvu zinazouzuia udongo zikigawanywa kwa zile zinazouteremsha (chini ya 1 mteremko unaporomoka), kikaanguka hadi 0.6. Nusura nipeleke ripoti ya kuwahamisha watu bure.

Kumbe kuna kisanduku, menyu ya tatu ndani, kinachoiagiza iache kulazimisha maji shinikizo la usoni likifika sifuri. Huja kikiwa kimezimwa. Mwongozo umekipa mistari miwili. Rangi za michoro zimepewa sura nzima.

Nilipokiwasha nikapata 1.18. Na hapo ndipo nilipoipenda tena, kwa sababu kigezo hakikufika chini kabisa mvua ikinyesha. Kilifika huko baada ya mvua kukatika kwa muda wa saa tisa, maji yakiwa bado yanashuka taratibu, ule mfyonzo unaoshikilia chembe za udongo mkavu ukipotea tabaka kwa tabaka. Hesabu inayochukulia kwamba mwendo wa maji haubadiliki kadiri muda unavyopita haiwezi kukuonyesha hilo.

Tahadhari nyingine: wavu wa hesabu, yaani vijisehemu ambavyo programu huugawa udongo, huja na vijisehemu vya mita moja, na hivyo ni vikubwa mno karibu na uso. Mpaka wa unyevu unafifia kama wino kwenye kitambaa. Mimi naweka sentimita kumi katika mita mbili za juu, halafu naenda kunywa chai, maana inachukua muda.

Nyota tatu. Wakiniletea kile kisanduku kikiwa kimewashwa, naongeza ya nne.